Usalama wa chakula: sheria inavyougusa mgahawa mdogo na baa ya mtaani

Usalama wa chakula ni uhakika kwamba chakula hakitamdhuru anayekila, kikiandaliwa na kuliwa inavyotakiwa. Mlaji haoni yaliyotokea jikoni. Wali maharage unaweza kunukia vizuri na bado ukabeba vimelea vya kipindupindu au homa ya matumbo, na ndiyo maana ukaguzi upo.

Mpaka mwaka 2019 chakula kilisimamiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa Tanzania, TFDA. Mwaka huo jukumu likahamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Lakini mama lishe wa Buguruni au mwenye baa Sinza, Dar es Salaam, mtu anayemwona mlangoni ni bwana afya wa halmashauri, anayetumia Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Huyo ndiye anayekagua choo, maji, taka, na cheti cha kupima afya cha kila anayeshika chakula. Baa ina leseni ya vileo juu ya leseni ya biashara.

Mzigo haulingani. Hoteli kubwa ina mtu wa kufuatilia vibali. Mama lishe anapika, anauza, anaosha vyombo, na siku akienda manispaa, jiko haliwashwi. Cheti cha afya kinalipiwa kwa kila mfanyakazi na hurudiwa baada ya miezi sita. Wasaidizi wa migahawa hawakai. Aliyepimwa juzi leo yuko kwingine, na mwenye mgahawa anaanza upya na mgeni.

Kwenye baa kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Mara nyingi jiko hukodishwa: mwenye baa anauza bia, mtu mwingine anachoma nyama na kukaanga chipsi. Mkaguzi akikuta uchafu, maswali yanaanza kwa mwenye jengo na leseni, hata kama hajawahi kugusa kisu. Anayekodisha jiko aandikiane na mpishi mapema nani anasafisha, nani analipia vipimo na nani anatoa taka.

Simama karibu na jiko la nyama choma uangalie ubao. Mchomaji anakata nyama mbichi juu yake na kuitia kwenye moto. Ikiiva anairudisha palepale, anaikatakata kwa kisu kilekile, na kachumbari inawekwa pembeni. Moto uliua vimelea, ubao ukavirudisha, na kachumbari haipiti motoni kabisa. Huu ndio uchafuzi mtambuka. Dawa yake ni mbao mbili na visu viwili, gharama ambayo baa yoyote inaimudu. Kabati la kioo lenye taa nalo linadanganya: kuku wa kukaanga anapaswa kukaa kwenye joto la nyuzi 60 au zaidi, na balbu peke yake haifikishi hapo. Akibaki vuguvugu tangu mchana hadi usiku, bakteria wanazaliana.

Maji ndiyo kazi ngumu. Banda lisilo na bomba linanunua maji kwa dumu, na kila dumu linaloishia kunawisha wateja ni dumu lisilopika. Ndoo yenye koki na sabuni inasaidia sana kuliko beseni moja la kunawia watu kumi. Hata hivyo naamini halmashauri ikifikisha bomba kwenye eneo la mama lishe, itaokoa afya za watu wengi kuliko faini za mwaka mzima.

Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Dar es Salaam na kusambaa mikoa mingi. Hali ikifika hapo, chakula cha wazi barabarani ndicho hubanwa kwanza, na agizo la dharura halitenganishi msafi na mchafu. Mama aliyechemsha maji yake kila siku anafunga pamoja na jirani asiyejali. Anaumia bila kosa, na hasara hiyo hakuna anayemlipa.

Mkaguzi akikuta kasoro, omba ilani ya maandishi: kasoro ipi, irekebishwe vipi, kufikia tarehe gani. Ukitakiwa kulipa ada au faini, dai kontrol namba, yaani namba ya malipo ya serikali, na utunze risiti pamoja na vyeti vya wafanyakazi, mahali ambapo hata msaidizi anaweza kuvitoa ukiwa sokoni.