Utajiri wa Kurithi na Utajiri Mpya katika Riwaya ya The Great Gatsby

Utajiri wa kurithi ni mali iliyokwisha kupita katika mikono ya vizazi kadhaa vya ukoo mmoja, na utajiri mpya ni mali ambayo mwenyewe ameichuma katika uhai wake, huku watu wakiwa bado wanakumbuka, au wanashuku, siku ambazo hakuwa nayo. Tofauti hii haihusu kiasi. Tajiri mpya anaweza kuwa na fedha nyingi kuliko tajiri wa kurithi na bado akahesabiwa kuwa chini yake, kwa sababu kinachopimwa ni mambo yanayoandamana na mali baada ya muda mrefu: shule walizosoma watoto, koo walizooana nazo, klabu zilizowakubali, namna ya kuvaa na kusema, na zaidi ya yote utulivu wa mtu ambaye hajawahi kuhangaikia kesho yake. Riwaya ya The Great Gatsby ya F. Scott Fitzgerald, iliyotoka Aprili 1925, imejengwa juu ya tofauti hiyo, na msomaji asiyeitilia maanani huishia kuiona kuwa ni hadithi ya mapenzi yaliyokosa bahati.

Fitzgerald ameichora tofauti hiyo kwenye ramani. Hadithi inatokea katika kiangazi cha mwaka 1922 kwenye kisiwa cha Long Island, karibu na jiji la New York, ambako rasi mbili zinatazamana ng'ambo ya ghuba ndogo. Katika East Egg wanaishi matajiri wa kurithi, na katika West Egg wanaishi matajiri wapya. Majina hayo ni ya kubuni, lakini mwandishi alipajua mahali alipokuwa akipasema, kwa kuwa mwaka 1922 alihamia Great Neck, mji wa Long Island ulioangaliana na rasi ya Sands Point iliyojaa majumba ya familia kubwa. Upande wa East Egg wapo Tom Buchanan, aliyezaliwa katika ukwasi mkubwa huko Chicago, na mkewe Daisy. Upande wa pili yupo Jay Gatsby, ambaye jumba lake limeigwa kutoka jengo la baraza la mji huko Normandy, Ufaransa, likiwa na mnara mpya kabisa ambao mimea ya kutambaa ndiyo kwanza imeanza kuushika. Ubavuni mwa jumba hilo, katika nyumba ndogo ya kodi ya dola 80 kwa mwezi, anapanga msimulizi, Nick Carraway, ambaye ni binamu wa mbali wa Daisy na ambaye amekuja mjini kujifunza biashara ya hatifungani.

Namna dhana hii inavyofanya kazi haionekani vizuri zaidi mahali popote kuliko katika tukio fupi la sura ya sita, ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Watu watatu waliopanda farasi wanasimama kwa Gatsby: Tom, bwana mmoja aitwaye Sloane, na mwanamke mmoja. Gatsby anahangaika kuwakaribisha, anataja sigara, anabonyeza kengele za watumishi, anamtajia Sloane kinywaji kimoja baada ya kingine, na Sloane anakataa vyote. Mwanamke, baada ya glasi mbili, anachangamka na kumwalika Gatsby kwake kwa chakula cha jioni. Gatsby anakubali. Anaeleza kwamba jeshini alikuwa akipanda farasi lakini hajawahi kununua wake, kwa hiyo atawafuata kwa gari, kisha anaingia ndani kuchukua kofia na koti. Huku nje Tom anashangaa: hivi mtu huyu haelewi kwamba hatakiwi? Nick anamjibu kwamba mwanamke mwenyewe amesema anamtaka. Jibu la Nick ni sahihi kabisa na halina msaada wowote, kwa sababu katika tabaka lile mwaliko wa namna ile hutolewa ili ukataliwe kwa adabu, na anayeupokea kwa moyo mweupe hujifichua kuwa ni mgeni. Sloane anaharakisha msafara, na wote wanaondoka wakati Gatsby anatokea mlangoni na koti lake mkononi.

Katika tukio hilo hakuna aliyemtukana Gatsby, na hakuna aliyetaja fedha. Anayetenga hahitaji kusema lolote, maana sheria yenyewe haijaandikwa popote na hujulikana tu na waliolelewa ndani yake. Ndiyo maana Gatsby, ambaye ana uwezo wa kununua karibu kila kitu, hawezi kuinunua.

Anachoweza kununua ni alama zake, na hapo ndipo riwaya inapokuwa na jicho kali. Katika maktaba yake mgeni mmoja aliyelewa, mwenye miwani mikubwa, anagundua kwa mshangao kwamba vitabu ni vya kweli na wala si majalada matupu, lakini kurasa zake hazijakatwa. Vitabu vingi vya enzi hizo viliuzwa kurasa zake zikiwa bado zimeungana pembeni, na msomaji ndiye aliyezichana kwa kisu kadiri alivyosoma; kwa hiyo kurasa zisizokatwa ni ushahidi kwamba kitabu hakijafunguliwa. Mashati ya Gatsby huchaguliwa na kuletwa na mtu wake aliyeko Uingereza kila msimu. Anasema amesoma Oxford, na kweli alikaa huko miezi mitano mwaka 1919, katika mpango uliowapa nafasi baadhi ya maofisa wa jeshi la Marekani baada ya vita kwisha. Tom haoni haja ya kuchunguza vyeti: kwake inatosha kwamba mtu huyo anavaa suti ya rangi ya waridi. Machoni pake Gatsby ni limbukeni tu, na mithali yetu ya maskini akipata matako hulia mbwata ingemfurahisha sana Tom, ingawa kwa haki yenyewe Gatsby ni mpole na mwenye adabu kuliko yeye.

Utajiri wa Gatsby una kasoro nyingine, nayo ni chanzo chake. Alizaliwa kwa jina la James Gatz katika jimbo la North Dakota, mtoto wa wakulima wasiofanikiwa. Akiwa na umri wa miaka 17 alichukuliwa na Dan Cody, tajiri wa madini aliyekuwa akizunguka na mashua yake ya anasa, na kwake alijifunza jinsi matajiri wanavyoishi. Cody alipofariki alimwachia dola 25,000 ambazo hakuzipata hata senti moja. Fedha zilikuja baadaye, kupitia marufuku ya pombe iliyoanza kutumika Marekani nzima Januari 1920 na kudumu hadi Desemba 1933. Sheria iliyaruhusu maduka ya dawa kuuza pombe kwa cheti cha daktari, na upenyo huo ulitumiwa vibaya sana. Katika riwaya, Gatsby na mshirika wake Meyer Wolfshiem wananunua maduka mengi ya dawa katika mitaa ya pembeni ya New York na Chicago na kuuza pombe waziwazi. Kwa miaka miwili au mitatu hivi biashara ya magendo ilizalisha matajiri kwa kasi ambayo isingewezekana kabla yake, na hilo ndilo linaloufanya mwaka 1922 ufae hadithi hii.

Hata hivyo, mtu asidhani kwamba mali ya kurithi ni safi kwa kuwa ni ya zamani. Marekani ni nchi changa, na ukale wa mali zake ni mfupi. John Jacob Astor, ambaye ukoo wake ulikuja kuwa kipimo cha uungwana wa New York, alikuwa mtoto wa mchinja nyama wa Walldorf, Ujerumani, na alianza kutajirika kwa biashara ya ngozi za wanyama. Cornelius Vanderbilt alianza kwa kuvusha watu kwa mashua kutoka Staten Island. Kizazi cha wajukuu ndicho kilichofunga mlango, na akina Astor waliwatazama akina Vanderbilt kwa dharau ileile ambayo Tom anamtazamia Gatsby, mpaka dansi kubwa ya mwaka 1883, iliyoandaliwa na akina Vanderbilt, ilipowalazimisha kutambuana. Fitzgerald anaidokeza hali hii kwa kejeli tulivu. Nick anaeleza kwamba familia yake hupenda kudai imetokana na watawala wa Buccleuch, ukoo wa makabaila wa Scotland, kumbe mwanzilishi halisi wa ukoo wao ni ndugu wa babu yake, aliyefika mjini kwao mwaka 1851, akampeleka mtu mwingine badala yake katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na kufungua duka la jumla la vyuma. Hata nyumba ya Tom, yenye bustani inayoanzia ufukweni na kupanda robo maili hadi mlangoni, yeye mwenyewe ametaja kwamba ilikuwa mali ya mtu wa mafuta. Kwa maoni yangu utajiri wa kale katika riwaya hii ni utajiri ambao hakuna tena anayeuliza ulivyopatikana.

Mapenzi ya Gatsby kwa Daisy yanasimama juu ya kutolielewa jambo hilo. Alikutana na Daisy mjini Louisville mwaka 1917, akiwa luteni asiye na kitu, na sare ya jeshi ndiyo iliyomwezesha kuingia katika nyumba ambayo kwa nguo za kawaida asingekaribia hata ngazi zake. Alipokuwa ng'ambo, Daisy aliolewa na Tom, Juni 1919, baada ya kupewa mkufu wa lulu wenye thamani ya dola 350,000. Gatsby alihitimisha kwamba kilichomponza ni umaskini, na hesabu yake tangu hapo ikawa nyepesi: akipata fedha, atampata. Lakini anapomwambia Nick kwamba sauti ya Daisy imejaa fedha, anakuwa amekaribia ukweli kuliko anavyojua, kwa kuwa fedha iliyomo katika sauti ile haijahesabiwa na mtu, imenyonywa na maziwa ya mama. Katika hoteli ya Plaza mjini New York, ambako wanaume hao wawili wanamgombania Daisy mbele yake, Tom anashinda bila kutaja mapenzi yake mwenyewe sana. Anamwita mwenzake mtu asiyejulikana alikotoka, anayataja maduka ya dawa, na kila neno linamrudisha Daisy hatua moja nyuma. Daisy hamwachi Gatsby kwa sababu amegundua kwamba ni mhalifu, kwani hakuwahi kuonyesha kujali uhalifu. Anamwacha kwa sababu ameona kwamba mali ile inaweza kukatika.

Dhana ya utajiri wa aina mbili haimalizi kila kitu katika kitabu. George Wilson na mkewe Myrtle, wenye gereji katika bonde la majivu kati ya West Egg na jiji, hawamo upande wowote, na ugomvi wa matajiri ndio unaowaangamiza: Myrtle, ambaye ni hawara wa Tom, anagongwa na gari la Gatsby likiendeshwa na Daisy, na George anamuua Gatsby akiamini kwamba ndiye dereva, kisha anajiua. Tom ndiye aliyemwelekeza George kwa mwenye gari. Kabla ya maziko, yeye na Daisy wamekwisha kufunga mizigo na kuondoka bila kuacha anwani, jambo ambalo mwenye gereji, na hata mwenye jumba la West Egg, asingeweza kulifanya.