Kabla ya kuandika "mafunzo": namna ya kutambua hitaji halisi la kiwanda

Muulize meneja wa uzalishaji kiwanda chake kinakosa nini, na mara nyingi atakujibu kwamba watu wake wanahitaji mafunzo. Jibu hilo nalichukulia kama dalili. Kabla ya kuliandika popote naomba madaftari matatu ya miezi 12 iliyopita: la bidhaa zilizokataliwa au kurudishwa, la mashine kusimama, na la malighafi iliyotupwa. Hitaji la ujuzi, hitaji la bidhaa (vifaa na malighafi za kufanyia kazi) na hitaji la utaratibu hutoa kasoro zinazofanana kabisa, na ukikosea kuzitenganisha utawapeleka watu darasani wakajifunze jambo wanalolijua tayari.

Chukua kazi ya kuchomelea vyuma. Picha za eksirei zinaonyesha vitundu ndani ya mshono, na nyufa zimejitokeza siku moja au mbili baada ya kazi kupoa. Msimamizi anasema wachomeleaji hawajui kazi. Mimi naanza na elektrodi, yaani vijiti vya kuchomelea. Zile za daraja la E7018 hutengenezwa ziwe na haidrojeni kidogo, lakini ganda lake hunyonya unyevu wa hewani. Unyevu huo ukiingia kwenye chuma kilichoyeyuka huacha haidrojeni, nayo ndiyo inayopasua mshono baadaye. Kanuni ya AWS D1.1, ya chama cha uchomeleaji cha Marekani, inataka elektrodi zikitolewa kwenye pakiti iliyofungwa zihifadhiwe kwenye tanuri lenye joto lisilopungua 120 °C. Zile za kundi la E70 zisikae nje zaidi ya saa 4. Zikipitisha muda huo hukaushwa kwa 260 hadi 430 °C kwa saa 2 au zaidi, na ni mara moja tu. Zilizolowa maji hazitumiki.

Kwa hiyo maswali ni matatu. Tanuri lipo na linafikia joto hilo? Hapo unatafuta hitaji la bidhaa. Kuna anayeandika saa ambayo kila fungu limetoka tanurini? Hapo ni utaratibu. Mchomeleaji anashika ncha ya elektrodi karibu na chuma, au anaiachia mbali mpaka hewa inaingia? Huo sasa ni ujuzi, na vitundu vinaweza kutoka huko pia. Kuvitenganisha ni kazi ya asubuhi moja: mpe mchomeleaji anayelalamikiwa elektrodi za pakiti mpya, mashine ileile na kiungo kilekile, kisha mpe fundi bora wa karakana elektrodi zinazotumika kila siku. Kasoro ikimfuata mtu, fundisha. Ikifuata elektrodi, nunua tanuri na uweke daftari. Subiri saa 48 kabla ya kukagua nyufa, maana zile za haidrojeni huchelewa kuonekana.

Hatua inayorukwa sana ni kutaja sekta kwa usahihi. Uainishaji wa Umoja wa Mataifa wa shughuli za kiuchumi, ISIC toleo la 4, una sehemu 21 kuanzia A hadi U, na uzalishaji viwandani umo kwenye C. Ripoti nyingi huishia kwenye tarakimu mbili za namba ya shughuli. Lakini namba 10, yaani vyakula, inabeba usindikaji wa samaki (102) na uokaji wa mikate (1071), shughuli zisizoshirikiana karibu mashine yoyote. Shuka hadi tarakimu nne. Fanya hivyo hivyo kwa kazi, ukitumia ISCO-08, uainishaji wa kazi wa Shirika la Kazi Duniani: fundi cherehani anayeshona nguo nzima yuko 7531, na mwendesha cherehani wa kiwandani yuko 8153. Wa kwanza anapima mwili, anakata na kusahihisha. Wa pili anarudia operesheni moja, labda kupachika mfuko, kwa sekunde zilizopangwa na ubora usiobadilika siku nzima. Chuo kinachofundisha ya kwanza kwa ajili ya waajiri wanaotafuta ya pili kitaona wahitimu wake wazuri wakikataliwa kwa kukosa kasi.

Kwa upande wa ujuzi, njia ninayoiamini kuliko dodoso ni DACUM, iliyoanzia Kanada mwishoni mwa miaka ya 1960. Unakusanya wafanyakazi 5 hadi 12 waliobobea katika kazi hiyo, pamoja na mwezeshaji asiye na upande, kwa muda wa siku 2 hivi. Wanataja majukumu makuu, kwa kawaida 8 hadi 12, halafu wanavunja kila moja kuwa vitendo na kuvipanga kwenye chati. Kila kitendo kianze na kitenzi kinachoonekana: pima, kaza, badilisha, andika. "Elewa" na "fahamu" haviingii kwenye chati, kwa sababu hakuna anayeweza kusimama na kuvikagua. Mabosi wasikae kwenye jopo. Bosi akiwepo watu hueleza kazi kama ilivyoandikwa ofisini, na wewe unaitafuta ile inayofanyika.

Chati ikikamilika, kila kitendo kipewe alama kwa mambo matatu: ugumu wa kujifunza, uzito wa madhara kikikosewa, na mara ngapi hufanyika. Msizijumlishe. Kuzima boila kwa dharura hufanyika kwa nadra, ni kitendo kigumu, na kikikosewa huua. Jumla ya alama itakishusha katikati ya orodha, ilhali ndicho kinachohitaji mazoezi ya kurudiwarudiwa kwa sababu kazi yenyewe haitoi nafasi ya kukizoea. Kitendo chepesi kinachofanywa kila saa, kwa upande mwingine, mgeni atakipata akiwa pembeni ya mwenzake, usikipotezee darasa.

Bidhaa zina hesabu yake. Usiulize "mnahitaji ngapi", uliza matumizi kwa kila kipimo cha uzalishaji, kisha ongeza upotevu. Elektrodi za mkono huacha kwenye mshono takriban asilimia 60 hadi 65 ya uzito wake. Kingine huwa ganda, cheche na vipisi vinavyobaki kwenye koleo. Mshono unaohitaji kilo 130 za chuma utakula karibu kilo 200 za elektrodi au zaidi. Anayekadiria kwa uzito wa mshono ataishiwa katikati ya kazi, na hapo ndipo zile kuukuu zenye unyevu hutolewa stoo. Pia tofautisha anayetumia, anayechagua, anayelipa na anayetengeneza kikiharibika. Mara nyingi ni watu wanne, na anayekupa jibu ni yule anayelipa.

Utaratibu hauonekani kwenye makaratasi, lazima ukautazame, na hasa kwenye zamu ya usiku na dakika za kupokezana zamu. Daftari la chumba cha kugandishia linaloonyesha −18 °C kila saa, kwa mwandiko mmoja na wino mmoja, limejazwa kwa mkupuo: milango hufunguliwa, barafu huyeyushwa kwenye mitambo, na joto halisi hupanda na kushuka. Chovya kipimajoto chao kwenye maji yaliyojaa barafu iliyopondwa. Kisiposoma karibu na 0 °C, hata namba zilizoandikwa kwa uaminifu hazina thamani. Kwenye nguo, angalia kinachotokea sindano ikivunjika. Kiwanda chenye utaratibu husimamisha mashine, hukusanya vipande vyote na kuvibandika kwenye daftari, ndipo sindano mpya itolewe. Kipande kikikosekana, nguo hutengwa na kupitishwa kwenye kigunduzi cha metali. Kama sindano za akiba zimo kwenye mfuko wa mshonaji, utaratibu huo haupo, hata kama umetundikwa ukutani.

Yapo malalamiko ya "mafundi hawapatikani", ambayo yanastahili kupasuliwa kabla ya kuhesabiwa. Kama hakuna anayeomba kazi, tazama mshahara, umbali na saa za kazi. Kama wanaomba na kushindwa jaribio, kuna pengo la ujuzi, na karatasi za jaribio zitakuonyesha ni kitendo kipi. Kama wanaajiriwa kisha wanaondoka ndani ya miezi michache, kafuatilie usimamizi na usalama. Waajiri wengi huyaweka yote matatu kwenye safu moja ya dodoso, ndiyo maana takwimu za uhaba hupanda hata pale vyuo vinapojaa.

Matokeo yakishaandikwa, kila hitaji liwe na kasoro iliyolifichua, aina yake kati ya zile tatu, kitendo kwenye chati, na kipimo kitakachoonyesha limekwisha, kwa mfano idadi ya mishono iliyokataliwa kwa kila mita 100. Chati yenyewe irudiwe mashine mpya inapofungwa, mteja anapobadilisha vipimo, au kanuni ya usalama inapotolewa upya.