Eti Microsoft Angeinunua AMD Mambo Yangeisha: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Hii stori haifi jamani. Katikati ya mwaka 2015 ulizuka uvumi kwamba Microsoft anaitaka AMD, kampuni ya chipu za kompyuta, hisa za AMD zikaruka kidogo, alafu kimya, hakuna dili lolote lililotangazwa. Miaka imepita, AMD kafufuka, zamu ya kuyumba ikamfikia Intel, mpinzani wake mkubwa kwenye chipu, na hoja inarudi vilevile, kwamba mwenye programu ana hela zimekaa tu, mwenye chipu kaishiwa, kwahiyo si amnunue yaishe. Mi naona jibu ni hapana, na lilikuwa hapana hata 2015, ila sababu nyingi wanazotoa watu, wa upande wa ndiyo na wa upande wa hapana, zimekaa vibaya. Ntatumia kesi ya AMD maana hiyo angalau tunajua ilivyoishia.

Dhana: "AMD ilikuwa bei ya kutupa, Microsoft angelipa kwa chenji"

Ukiangalia juujuu ni kweli. Julai 2015 hisa moja ya AMD ilishuka mpaka dola 1.61, kampuni nzima sokoni ikawa haifiki dola bilioni 2, wakati Microsoft alikuwa amekalia zaidi ya bilioni 90 za hela taslimu na vitu vinavyogeuzwa hela haraka. Sasa mtu akiona hivo anasema nunua.

Ukweli: bei ya hisa siyo gharama ya kampuni. AMD alikuwa na deni linalozidi dola bilioni 2, na anayenunua kampuni anabeba na deni lake. Mwaka 2014 alipata hasara ya milioni 403, mwaka 2015 hasara ya milioni 660 kwenye mauzo ambayo hayakufika bilioni 4. Kwahiyo hata ungeletewa bure ungeanza kwa kumwaga hela, na kutengeneza prosesa (ile chipu kuu, ubongo wa kompyuta) mpya kutoka sifuri kunakula miaka minne mitano kabla hujaona senti.

Alafu kuna kitu watu wanasahau, Julai hiyohiyo ya 2015 Microsoft alitangaza kufuta dola bilioni 7.6 kwenye vitabu vyake kwa sababu ya biashara ya simu za Nokia aliyokuwa ameichukua Aprili 2014, na kupunguza wafanyakazi 7,800. Mwaka mmoja na ushee tu! Na kabla ya hapo, 2012, alishafuta bilioni 6.2 za aQuantive, ile kampuni ya matangazo aliyoinunua 2007. Sasa wewe ndo Satya Nadella, bosi mkuu wa Microsoft, una mwaka na nusu kwenye kiti, uende kwenye bodi wiki hizohizo useme nimepata kampuni nyingine ya vifaa inayopata hasara tuinunue? Utaangaliwa tu.

Dhana: "Ungepata viwanda vya kutengeneza chipu"

Hapana, AMD 2015 hakuwa na kiwanda chake cha kuchonga chipu. Viwanda vyake, kikiwemo kile kikubwa cha Dresden Ujerumani, vilihamia GlobalFoundries mwaka 2009 kwa hela ya serikali ya Abu Dhabi. Kilichobaki kwa AMD ni mkataba wa kumlazimisha anunue kwa GlobalFoundries vile visahani vya silikoni vinavyotoka na chipu, awe anavihitaji asivihitaji. Mwishoni mwa 2012 alikubali kulipa dola milioni 320 kwa sababu tu alitaka kuchukua vichache kuliko alivyoahidi. Huo mkataba nao ungeurithi.

Dhana: "Leseni ya x86 ingekufa, kwahiyo AMD hainunuliki kabisa"

Hii ndo inapendwa na wale wanaojiona wanajua, na ina ukweli nusu ndani yake, kwahiyo nikae nayo kidogo.

Prosesa za Windows unazozijua zinafuata mfumo wa x86, yaani seti ya amri ambazo chipu inazielewa, na mfumo huo msingi wake ni wa Intel. AMD anaruhusiwa kuutumia kwa makubaliano yaliyoanzia miaka ya 80, enzi ambazo IBM alikuwa hataki kutegemea muuzaji mmoja wa chipu. Wakagombana mahakamani miaka na miaka, mpaka Novemba 2009 Intel akamlipa AMD dola bilioni 1.25 na wakasaini mkataba mpya wa kubadilishana hataza, yaani haki za kisheria za ubunifu. Ndani ya mkataba huo kuna kipengele kwamba mmoja akinunuliwa na mtu mwingine, mkataba unavunjika. Na usidhani Intel anaweka vipengele kwa mapambo, mapema 2009 AMD alipotenga tu viwanda vyake, Intel alimwandikia akidai amekiuka makubaliano ya zamani.

Mpaka hapo dhana iko sawa. Inapokosea ni kwamba mkataba unavunjika kwa wote wawili, siyo kwa aliyenunuliwa peke yake. Na Intel naye anaihitaji AMD vibaya mno, kwa sababu ile x86 ya biti 64 inayotumika kwenye kila kompyuta na kila seva ya Intel leo ilibuniwa na AMD. Intel alikuwa na njia yake, prosesa ya Itanium, ilitoka 2001 na haikuelewana vizuri na programu za zamani, AMD akatoa prosesa ya Opteron 2003 ambayo inaendesha vya zamani na vipya bila shida, Microsoft akaikubali kwenye Windows, na Intel 2004 akaanza kufuata nyayo. Sasa mkataba ukivunjika, Intel anabaki na chipu ambazo hawezi kuziuza bila kukanyaga hataza za AMD, na AMD hivohivo kwa Intel. Maana yake siyo kwamba haiwezekani, maana yake mnakaa mezani upya, mnabishana, na Intel anadai chake, tena akijua upande wa pili sasa amekaa mtu mwenye bilioni 90. Kipengele hakifungi mlango, kinapandisha bei tu, na inapanda kwa kiasi ambacho hakuna anayeweza kukiandika kwenye karatasi kabla ya kusaini. Hapo ndo pa kuogopa.

Dhana: "Xbox na PlayStation zote zinatumia AMD, Microsoft angemshika Sony pabaya"

Hii dhana ndo tamu kuliko zote na ndo mbovu kuliko zote. Kweli, Novemba 2013 PlayStation 4 ya Sony na Xbox One ya Microsoft zilitoka kwa kupishana wiki moja tu na zote ndani zina chipu ya AMD. Wii U ya Nintendo nayo upande wa picha ni AMD. Kwahiyo watu wanapiga picha Microsoft anainunua AMD alafu kila PS4 inayouzwa dukani inampelekea hela, au siku akikasirika anafunga bomba.

Jiulize kwanza AMD ilikuwa inaishi kwa nini mwaka huo. Kitengo chenye chipu za kuagiza maalum, ambacho mashine za gemu ndo mzigo wake mkubwa, kiliingiza kama bilioni 2.19 kwa mwaka 2015, na kile cha kompyuta na kadi za picha kiliingiza kama bilioni 1.8. Yaani zaidi ya nusu ya mkate ulitoka kule, na mteja mkubwa kule ni Sony ambaye hadi mwaka unaisha alikuwa ameshauza PS4 zaidi ya milioni 35. Mwenye mgahawa akinunua mashine pekee ya kusaga ya mtaa, hivi wenzake wenye migahawa wataendelea kupeleka mahindi yao pale, wakae foleni huku yeye anahesabu magunia yao na kujua mwezi ujao wanapika nini? Watahangaika hata kwenda mtaa wa tatu.

Sony angefanya hivohivo. PS4 angeendelea kuichukua maana mikataba ipo, lakini michoro ya mashine inayofuata asingempelekea kampuni tanzu ya mshindani wake akijua inasomwa. Angeenda Nvidia, mpinzani wa AMD kwenye chipu za picha, angeenda popote. Kwahiyo siku ya kusaini dili, nusu ya ulichonunua inaanza kufungasha. Na siyo Sony tu, hata wanaotengeneza kompyuta za Windows walishanuna tangu Juni 2012 Microsoft alipotangaza kompyuta zake mwenyewe za Surface, sasa umiliki na prosesa? Na serikali zinazosimamia ushindani zingelala? Nvidia alijaribu kuinunua Arm kwa dola bilioni 40 Septemba 2020, Arm ambayo inabuni mifumo ya chipu na kuuzia kila mtu, na hadi Februari 2022 akakata tamaa, wasimamizi wa Marekani walishamshtaki na Ulaya na Uingereza wanamchimba.

Dhana: "Mbona Apple kafanya na kafanikiwa?"

Apple hakununua kampuni ya kuuza chipu inayokufa. Mwaka 2008 alinunua P.A. Semi kwa dola milioni 278, kampuni ndogo ya wahandisi kama 150. Alinunua vichwa. Akawafungia ndani, wakamtengenezea chipu za iPhone, alafu Novemba 2020 wote tukaona M1, chipu yake ya kompyuta. Hizo chipu hauziwi mtu mwingine, kwahiyo hakuna mteja wa kukimbia. Amazon naye mwaka huohuo wa 2015 alinunua Annapurna Labs ya Israel, timu ndogo vilevile, na 2018 akatoa prosesa ya Graviton kwa ajili ya data senta zake. Ukitaka chipu zako mwenyewe njia ni hiyo, unanunua watu, hununui duka lenye madeni na wateja ambao ni maadui zako.

Mfano unaofanana kweli na huu wa AMD ni Oracle, kampuni ya programu, aliyeimeza Sun Microsystems Januari 2010 kwa dola bilioni 7.4. Sun alikuwa na prosesa zake za SPARC na mauzo yanaporomoka. Maneno yalikuwa matamu, programu na chipu nyumba moja. Septemba 2017 Oracle akatoa SPARC M8, na mwezi huohuo akafukuza sehemu kubwa ya watu waliokuwa wanaitengeneza. Java anayo mpaka leo, lakini hiyo ni programu!

Dhana: "Microsoft hajui chochote kuhusu chipu"

Nayo siyo kweli. Alishatengenezesha chipu za Xbox miaka mingi, alibuni ya HoloLens, ile miwani yake ya kompyuta, na Novemba 2023 akaonyesha chipu za Maia na Cobalt za data senta zake. Tuendelee.

Dhana: "Bila kununuliwa AMD angekufa", na ndugu yake, "Microsoft alipoteza utajiri wa bure"

Hizi mbili zinasemwa na watu walewale na hawaoni kwamba zinapingana. AMD hakununuliwa na hakufa. Hela ya mashine za gemu ilimshika mkono, Aprili 2016 akapata makubaliano ya kuwapa Wachina ruhusa ya teknolojia yake kwa dola milioni 293, na wakati wote huo chini kwa chini mradi wa prosesa mpya, Zen, ulikuwa unapikwa tangu 2012. Lisa Su aliyeshika uongozi Oktoba 2014 alipunguza vingine vyote akaacha huo. Machi 2017 Ryzen, prosesa ya kwanza ya Zen, ikatoka na habari ikabadilika. (Wale wenye laptopu za mtumba zenye stika ya AMD A6 na A8 mnaojua zinavyochemka, hizo ni za kabla ya hapo, msiitukane Ryzen kwa makosa ya marehemu.)

Sasa mtu anachukua hisa ya dola 1.61, anaweka pembeni ya dola 100 na ushee za mwishoni mwa 2021, anasema Microsoft alilala. Hesabu hiyo inadhani AMD ya chini ya Microsoft ingekuwa AMD ileile. Mi siamini. Thamani ya baadae ilikuja hasa kwenye seva, kwa prosesa za EPYC, na wanunuzi wa EPYC ni akina nani? Amazon na Google wamo, wapinzani wakubwa wa Microsoft kwenye biashara hiyo ya kukodisha data senta. Hebu nitajie meneja wa Amazon ambaye angejaza majengo yake na prosesa za Microsoft. Microsoft mwenyewe naye alikuwa wa mapema kabisa kuziweka EPYC kwenye Azure, huduma yake ya kukodisha data senta, Desemba 2017, kwa kufanya nini? Kwa kuagiza na kulipa kama mteja. Xbox Series X ya 2020 ina chipu ya AMD, PlayStation 5 ina chipu ya AMD, na Microsoft hakuhitaji kumiliki hata meza moja ya ofisi ya AMD kuipata yake.

Na Intel je?

Intel mwaka 2024 alipata hasara ya dola bilioni 18.8, na hoja ya "si anunuliwe tu" ikarudi kwa kasi, Septemba mwaka huo Qualcomm, kampuni ya chipu za simu, alitajwa kuwa ameshabisha hodi. Tofauti na AMD, Intel viwanda anavyo, na ndo vinavyommaliza. Ila angalia wenye hela walifanya nini. Microsoft alijitokeza Februari 2024 kama mteja, kwamba kuna chipu yake atachongewa kwenye viwanda vya Intel. Agosti 2025 serikali ya Marekani ikachukua karibu asilimia 10, na Septemba Nvidia akaahidi kuweka bilioni 5. Wote wamechukua kipande, hakuna aliyebeba mzima. Na yeyote atakayejaribu kumbeba mzima atakutana na kile kipengele cha mkataba wa 2009, safari hii AMD ndo atakuwa amekaa upande wa pili wa meza na hataza zake.