Mgonjwa wa hospisi hulazwa wakati gani?

Hospisi humtunza mtu ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona, na kazi yake kubwa huifanyia nyumbani kwa mgonjwa. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, tangu mwanzo imewafuata wagonjwa majumbani kwao na mofini ya maji, dawa ya kunywa ya kutuliza maumivu makali. Mgonjwa hunywa kipimo chake kila baada ya saa 4, na ndugu aliyeelekezwa vizuri anaweza kumpimia.

Kulazwa huja pale dalili zinapoishinda nyumba. Haijalishi sana ugonjwa umefika wapi: mtu anaweza kuwa katika siku zake za mwisho na bado akakaa kwake ametulia. Lakini chukua mgonjwa anayetapika mfululizo. Mofini aliyokunywa asubuhi imerudi yote, maumivu yamepanda, akipewa nyingine naye anatapika tena. Huyo anahitaji dawa kwa sindano chini ya ngozi, na muuguzi wa kumwangalia usiku kucha akirekebisha kipimo. Hali kadhalika anayevuja damu, mwenye degedege, anayehema kwa shida, au anayeweweseka hadi hashikiki.

Kuna dalili moja ambayo watu huichelewesha mno. Mwenye saratani iliyoingia mifupani akisema miguu imelegea, au mkojo umegoma kutoka, msingoje kliniki ya wiki ijayo. Huenda uti wa mgongo unabanwa. Akiwahi tiba ya mionzi, kama ile inayotolewa katika taasisi ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, anaweza kuendelea kutembea. Akichelewa, huenda asisimame tena.

Wakati mwingine mgonjwa hana jipya, ila anayemuuguza ndiye amechoka. Marekani, bima ya Medicare hulipia mgonjwa wa hospisi alazwe hadi siku 5 mfululizo ili mwuguzaji apumzike. Kwetu kazi hiyo huachiwa shangazi aliyeitwa kutoka kijijini, na shangazi naye ni binadamu. Nadhani huduma hii ingetufaa sana, maana aliyekesha majuma mawili hukosea hata kupima dawa.

Dalili zikitulia, mgonjwa huruhusiwa na hospisi huendelea naye nyumbani. Kwa hiyo siku ya kulazwa mwulizeni daktari ni kitu gani hasa kinatafutwa kitulie, na kabla ya kutoka, dawa ipi imebadilishwa na nani wa kupigiwa simu usiku.