Skyward Sword: upanga unaofuata kiganja

Adui aliyenishawishi kwamba Skyward Sword ni gemu ya kuchukuliwa kwa uzito ni mmea. Unaitwa Deku Baba, umeota njiani katika msitu wa Faron, na kichwa chake chote ni mdomo. Mdomo ukifunguka kwa mlalo, ukate kwa mlalo. Ukifunguka wima, ukate kutoka juu kwenda chini. Ukikosea pembe, upanga unadunda na mmea unakurukia.

Mimi ni fundi elektroniki hapa Mtwara mjini. Natengeneza simu, redio na pedi za gemu, na pedi nyingi zinazoletwa mezani kwangu zinatoka kwenye vibanda vya PlayStation vya Ligula, Chuno na Chikongola. Huko kinachochezwa ni mpira, na mpira ni kazi ya vidole gumba. Gemu inayokutaka usimame na kuzungusha mkono mzima ni kitu kigeni, na watu wakiisikia hudhani ni mchezo wa watoto wadogo. Naandika kwa sababu nadhani wanaikosea.

Nintendo waliitoa mwaka 2011 kwa ajili ya mashine yao ya gemu ya Wii, mwongozaji akiwa Hidemaro Fujibayashi na mtayarishaji Eiji Aonuma. Ninayocheza mimi ni ile iliyonolewa upya mwaka 2021 kwa ajili ya mashine yao nyingine, Switch. Nimemaliza hekalu la kwanza, Skyview, na ninayoyasema yanaishia hapo.

Wii ilipotoka mwaka 2006, rimoti yake ilikuwa na akselerometa pamoja na kamera ndogo ya infraredi. Akselerometa inahisi msukumo na mvuto wa dunia, kwa hiyo inajua chini ni wapi na inajua umetikisa, lakini mkono ukiwa kasi haiwezi kueleza vizuri umepita njia gani. Gemu nyingi za wakati ule zilikuwa hivyo: unatikisa, mhusika anapiga, basi. Mwaka 2009 kikaja kiongezeo cha MotionPlus chenye jairoskopu, kihisi cha kugeuka, na Skyward Sword ya Wii haichezeki bila hicho. Joy-Con, zile pedi mbili ndogo za Switch, zina vihisi vyote viwili ndani.

Usidhani ndani ya jairoskopu hiyo kuna gurudumu linalozunguka. Kuna kipande kidogo mno kinachotikisika muda wote. Ukigeuza kiganja, mtikisiko ule unasukumwa pembeni, na saketi inapima ukubwa wa msukumo huo. Kinachopatikana ni kasi ya kugeuka. Pembe yenyewe haipimwi. Mashine inajumlisha kasi hizo mara nyingi kila sekunde ili ijue upanga umeelekea wapi, na kikosa chochote kidogo nacho kinajumlishwa humohumo. Ukiinamisha mkono juu au chini, mvuto wa dunia unarekebisha hesabu. Ukigeuka kushoto au kulia, mvuto hausaidii kitu, maana chini ni ileile uwe umeelekea Lindi au Msumbiji. Ndiyo sababu baada ya muda upanga unaanza kupenda upande mmoja, na ndiyo sababu gemu imekupa kitufe cha kuurudisha katikati. Kibonyeze bila kusita.

Sasa, kujua mkono uko wapi ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwapa maadui sababu ya kujali, na hapo ndipo ninapowavulia kofia watengenezaji. Bokoblin anaukinga upande mmoja, inabidi upite mwingine. Stalfos, mifupa mitupu yenye panga mbili, anabadilisha ukingaji wake kila mara na kukuachia upenyo mmoja mwembamba. Mlango wa hekalu una jicho linalofuata ncha ya upanga wako. Unauzungusha taratibu mpaka jicho lishikwe na kizunguzungu, na mlango unafunguka. Halafu yuko Ghirahim, bosi wa hekalu, anayenyoosha mkono na kuudaka upanga wako kwa vidole. Unauvuta mkono wake upande mmoja kwa kusogeza upanga polepole, kisha unapiga ghafla kutoka upande wa pili. Sijawahi kukutana na pambano la gemu ambalo utulivu wa kiganja una maana kubwa namna hii.

Mpwa wangu, bingwa wa mpira kwenye kibanda cha jirani, alianza kwa kufyeka ovyo. “Mjomba, upanga hausikii!” Ulikuwa unasikia kila kitu, hata lile tayarisho la mkono kurudi nyuma kabla ya kupiga, na Ghirahim alilisoma mapema. Yeye ni mashoto pia, na Link, shujaa unayemwendesha humu, anashika upanga kwa mkono wa kulia, bila njia ya kumgeuza. Alihamishia Joy-Con ya upanga mkono wa kushoto akazoea, lakini naona wangeliweka chaguo hilo.

Mkono unapotumika kumwelekeza ndege mkubwa angani, siuoni ukiongeza chochote. Kijiti cha pedi kingetosha.

Kwa atakayeijaribu hapa kwetu: vaa kile kikamba cha mkononi, maana kwa joto letu viganja vinatoka jasho na Joy-Con ni nyepesi. Upande wa vihisi, sifuri ya jairoskopu, yaani kipimo chake ikiwa imetulia, husogea joto linapobadilika, hivyo cheza kwanza kidogo, kisha ingia kwenye mipangilio ya Switch, sehemu ya pedi na vihisi, uisawazishe. Weka Joy-Con juu ya kitu bapa kilichotulia kabisa. Meza yenye feni juu yake haifai. Kwenye luninga washa modi ya gemu, kwa sababu ile kazi ya kupamba picha inachelewesha upanga, na ucheleweshaji huo mkono unauhisi kuliko kidole.

Anayenunua Switch Lite ya mtumba, ile ambayo pedi zake hazichomoki, ajue kwamba bila Joy-Con za kununua kando atacheza kwa vitufe, upanga ukiendeshwa na kijiti cha kulia. Nimejaribu namna hiyo pia. Inakwenda, na pembe nane za kijiti ni rahisi kuzipata kuliko za mkono, ila Ghirahim anakuwa bosi wa kawaida tu. Mimi ningetafuta Joy-Con kwanza.