Vibao vya kumbukumbu ya historia nchini Marekani: dhana potofu na ukweli

Msafiri anayepita kwenye barabara kuu za Marekani hukutana kila mara na vibao vya chuma vilivyosimamishwa juu ya nguzo, vyenye maandishi mafupi kuhusu mtu maarufu aliyezaliwa hapo, vita vilivyopiganwa au jengo lililobomolewa zamani. Watu wengi huvisoma kwa heshima na kuviamini bila kuhoji. Imani hiyo inastahili kuchunguzwa.

Dhana potofu: Vibao hivi vimethibitishwa na serikali kuu ya Washington.

Ukweli ni kwamba hakuna chombo kimoja cha kitaifa kinachovisimamia. Kila jimbo lina utaratibu wake, na Virginia, ambayo ilianza kusimamisha vibao vyake mwaka 1927, ni miongoni mwa yaliyotangulia. Nje ya mipango ya majimbo, kaunti, makanisa, vyama vya historia, koo na hata watu binafsi wanaweza kuweka vya kwao. Kwa hiyo swali la kwanza kwa msomaji makini ni hili: nani aliyekiweka, na lini? Jibu kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo chini ya kibao chenyewe, mahali ambapo wasomaji wengi hawafiki.

Dhana potofu: Kilichoandikwa kwenye chuma kimehakikiwa, kwa hiyo ni kweli.

Mfano wa Colfax, Louisiana, unatosha kuivunja dhana hii. Tarehe 13 Aprili 1873, Jumapili ya Pasaka, kundi la wazungu wenye silaha lilishambulia mahakama ya mji huo iliyokuwa ikilindwa na wanaume weusi, baada ya mzozo kuhusu uchaguzi wa mwaka uliotangulia. Makumi ya watu weusi waliuawa, wengi wao wakiwa tayari wamejisalimisha, na kwa kuwa miili mingine haikupatikana, idadi kamili haijulikani. Makadirio ni kati ya 60 na 150. Watu watatu walitiwa hatiani, lakini mwaka 1876 Mahakama ya Juu ilizifuta hukumu zao.

Kibao kilichowekwa na jimbo mwaka 1950 kiliyaita mauaji hayo ghasia, kikataja wazungu watatu na watu weusi 150 waliokufa, kisha kikadai kwamba tukio hilo lilikomesha utawala mbovu wa wageni waliotoka kaskazini. Maneno hayo yaligeuza mauaji ya halaiki kuwa ukombozi. Hata yakichukuliwa kama madai ya kihistoria tu, hayakuwa sahihi, kwani kipindi cha kuijenga upya kusini baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambacho kibao kilikiita utawala mbovu, kiliendelea hadi mwaka 1877. Kibao kilisimama kwa takriban miaka 70, kikisomwa na vizazi vya watoto wa mji huo, weusi kwa weupe, hadi kilipoondolewa Mei 2021. Kwa maoni yangu, kosa la namna hii ni zito kuliko tarehe iliyokosewa, kwa sababu tarehe husahihishwa upesi, lakini jina baya lililopewa tukio huingia katika fikra za watu.

Dhana potofu: Kibao husimama pale pale tukio lilipotokea.

Mara nyingi ndivyo, ila si daima. Kwa miaka mingi ilisemekana kwamba Waafrika wa kwanza katika koloni la Virginia, watu waliotekwa Ndongo katika Angola ya leo, walishushwa Jamestown na meli ya Kidachi. Utafiti umeonyesha kwamba walifika Point Comfort, mwishoni mwa Agosti 1619, kwa meli ya Kiingereza iitwayo White Lion, na leo kibao cha jimbo kiko huko, katika eneo la Fort Monroe. Nalo jiwe la Plymouth, Massachusetts, linalosemekana kukanyagwa na walowezi Waingereza walipotua mwaka 1620, halikutajwa katika maandishi yao wenyewe. Lilitambulishwa mwaka 1741, kwa kumbukumbu ya mzee mmoja.

Dhana potofu: Kibao hulinda jengo lisibomolewe.

Kwa kawaida hakilindi. Hata jengo lililoorodheshwa katika rejista ya kitaifa ya maeneo ya kihistoria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1966, linaweza kubomolewa na mmiliki wake binafsi, mradi fedha au kibali cha serikali kuu hakihusiki na sheria za mahali hapo hazikatazi.

Dhana potofu: Kibao kikishawekwa, mjadala umekwisha.

Huko Mississippi, kando ya mto Tallahatchie, kiliwekwa kibao mahali panapoaminika kuwa ndipo mwili wa Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14 aliyeuawa Agosti 1955, ulipotolewa majini. Kibao cha kwanza kiliibwa mwaka 2008, cha pili kikatobolewa kwa risasi nyingi, na cha tatu, cha mwaka 2018, kikapigwa risasi wiki chache tu baada ya kusimamishwa. Cha nne, kilichowekwa Oktoba 2019, kimetengenezwa kwa chuma kisichopenyeka kwa risasi na kina uzito wa zaidi ya kilo 200. Julai 2023 eneo hilo, pamoja na mahakama ya Sumner walipoachiliwa washtakiwa na kanisa la Chicago yalipofanyika mazishi yake, lilitangazwa na rais kuwa eneo la kumbukumbu la kitaifa, na hivyo likawekwa chini ya usimamizi wa serikali kuu.