Je, wajua kwa nini dola 13 za kulaza gari ziliwaudhi wageni wa Disney kuliko bei ya chumba?

Machi 21, 2018, hoteli zinazomilikiwa na Disney kule Walt Disney World, eneo lake kubwa la burudani huko Florida, zilianza jambo ambalo wageni wake hawakulizoea tangu zile za kwanza zifunguliwe mwaka 1971: kumtoza mgeni pesa ya kulaza gari lake. Ukipanga hoteli ya bei nafuu, dola 13 kwa usiku. Ya daraja la kati, dola 19. Ya kifahari, dola 24. Baadaye zikasogezwa tena, zikawa 15, 20 na 25.

Wageni walichachamaa. Wapo walioapa kwamba safari ijayo watalala hoteli za nje, na wapo walioona wamekamuliwa tone la mwisho. Sasa piga hesabu. Juma zima katika hoteli ya bei nafuu, dola 13 mara usiku 7, ni dola 91. Familia ya watu wanne ikienda Disney kwa juma hutumia maelfu ya dola, na tiketi za kuingilia zenyewe zilikuwa zikipanda karibu kila mwaka. Tiketi ikipanda watu hunung'unika, wakalipa, wakaingia. Dola 13 ndizo zilizowachoma. Kwa nini?

Jibu lake unaweza kuliona kwa mama ntilie yeyote. Sahani ya wali maharage ikipanda kutoka shilingi 2,000 hadi 2,500, wateja watalalama siku mbili tatu: mchele umepanda, mkaa umepanda, tufanyeje. Lakini jaribu kufikiria siku unapomnyooshea sahani umwambie "mama, niongezee mchuzi," naye akujibu kwamba mchuzi wa kuongeza ni shilingi 200. Hiyo kesi haiishi leo. Shilingi 200 ni ndogo kuliko ile 500, ila mchuzi haukuwa bidhaa. Ulikuwa ukarimu wake, na ndio uliokufanya umpite jirani yake ukaja kukaa kwake.

Wasomi watatu, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1986. Waliwauliza watu wa Kanada kwa simu: duka la vifaa linauza koleo la kuzolea theluji kwa dola 15, asubuhi baada ya dhoruba kubwa ya theluji, linapandisha hadi dola 20. Ni haki? Asilimia 82 walisema si haki. Kahneman na Thaler, kila mmoja kwa wakati wake, walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, Kahneman mwaka 2002 na Thaler mwaka 2017.

Walichokiona ni kwamba mteja hutembea na makubaliano kichwani, hata kama hayakuandikwa popote. Muuzaji akipandisha bei kwa sababu gharama zake zimepanda, mteja humwelewa. Akipandisha kwa sababu tu amekushika pabaya, mteja humwona mnyang'anyi. Sasa itazame lami ya maegesho ya hoteli usiku wa Machi 20, 2018, kisha uitazame usiku uliofuata. Mistari ni ileile, taa ni zilezile, mlinzi getini ni yuleyule. Hakuna kilichoongezeka isipokuwa mstari mmoja kwenye bili.

Tena mstari wenyewe ulikuwa na vituko. Waliokuwa wamekwisha kufanya booking kabla ya siku hiyo hawakutozwa, kwa hiyo magari mawili yaliweza kulala ubavu kwa ubavu, moja bure na jingine kwa dola 24. Waliokuja na mahema au magari ya kulala katika kambi ya Fort Wilderness walisamehewa gari moja. Mtu aliyekuja hotelini kula chakula cha jioni na kuondoka hakulipa. Hapo ndipo mgeni aliyelipa chumba alipoanza kujikuna kichwa: aliyekuja kula tu anaegesha bure, mimi ninayelala hapa nalipa?

Na hebu jiulize hili: kwa nini gari lilale kwa dola 13 kwenye hoteli ya bei nafuu na kwa dola 24 kwenye ya kifahari, wakati nafasi ya gari ni ileile? Toyota haijui kama imelala Pop Century ya bei nafuu au Grand Floridian ya kifahari. Bei ile haikupangwa kwa thamani ya nafasi. Ilipangwa kwa kutazama mfuko wa mwenye gari.

Ajabu ni kwamba Disney ilikuwa imechelewa. Majirani zake wa Universal, kampuni nyingine ya bustani za burudani mjini Orlando hapohapo, walikuwa wakiwatoza wageni wa hoteli zao pesa ya maegesho kwa miaka. Las Vegas, kampuni ya MGM ilikuwa imeanza kutoza maegesho kwenye hoteli zake za barabara kuu mwaka 2016, katika mji wa kamari ambao maegesho ya bure yalikuwa kama sehemu ya mchezo wenyewe. Hata hoteli za Disney kule Anaheim, California, zilikuwa zikitoza siku nyingi bila zogo la namna hiyo.

Tofauti ya California na Florida inahitaji kukaliwa kidogo, maana imo kwenye udongo. Disneyland ya California ilifunguliwa mwaka 1955 kwenye eneo dogo ambalo mji uliizunguka upesi. Kampuni ilipotaka kujenga bustani ya pili ya burudani, ilibidi iijenge juu ya uwanja wake wa maegesho. Disney California Adventure, iliyofunguliwa mwaka 2001, imesimama mahali magari yalipokuwa yakiegeshwa. Magari yakahamishiwa kwenye jengo la ghorofa. Mgeni wa kule anaiona kwa macho yake kwamba nafasi ni haba, na kitu haba kina bei.

Florida ni hadithi nyingine. Katikati ya miaka ya 1960 Walt Disney alinunua ardhi kimyakimya kwa kutumia makampuni yenye majina ya kubuni, ili wenye mashamba wasijue nani mnunuzi wakapandisha bei. Alikusanya zaidi ya kilomita za mraba 100 za vinamasi na vichaka, hasa kwa sababu hakutaka kubanwa tena kama alivyobanwa California. Ardhi ipo ya kumwaga. Ukimwambia mgeni wa hapo kwamba nafasi ya gari ina thamani, anatazama msitu hadi upeo wa macho na kukuona unamfanya mtoto.

Haki ya kutoza magari, kwa kweli, Disney haikuianza 2018. Siku Magic Kingdom, bustani ya kwanza ya Disney kule Florida, inafunguliwa, Oktoba 1971, mgeni wa kutwa alilipa senti 50 kuegesha, na kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 3.50. Kufikia mwisho wa 2023 maegesho ya kawaida kwenye bustani za Disney kule Florida yalikuwa yamefika dola 30. Lakini anayelala kwenye hoteli za Disney alikuwa akisamehewa yote mawili, ya bustanini na ya hotelini, na msamaha huo ndio uliokuwa hoja kubwa ya kulala ndani badala ya kulala moteli ya barabarani kwa nusu ya bei. Baada ya 2018, ya bustanini iliendelea kuwa bure. Ya hotelini ikaanza kulipiwa.

Kwa nini basi hoteli isiongeze tu dola 13 kwenye bei ya chumba na mambo yaishe kimya? Hapa hesabu ya hoteli ina akili yake. Mtu akitafuta chumba mtandaoni, hupanga hoteli kuanzia ya bei ndogo. Dola 13 zikiingia kwenye bei ya chumba, hoteli inashuka kwenye orodha. Zikibaki pembeni, hazionekani mpaka mtu ameshachagua, ameshawaambia watoto, moyo umeshafika Florida kabla ya mwili. Kamisheni ya wakala wa safari nayo kwa kawaida hukokotolewa kwenye bei ya chumba, si kwenye ada za pembeni. Na ada ya pembeni ina sifa moja zaidi: unaweza kuisogeza juu bila mtu kusema hoteli imepanda bei.

Upande wa hoteli nao una hoja moja isiyo ya kudharau, hata kama sidhani ndiyo iliyowasukuma. Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitumia maisha yake yote kueleza kwamba maegesho ya bure hayapo: lami, taa, ulinzi na ufagiaji vina gharama, na gharama hiyo hufichwa ndani ya bei ya kila kitu kingine, hata kwa asiye na gari. Wageni wengi wa Walt Disney World wakati huo walitua kwa ndege na kuchukuliwa na mabasi ya bure ya Disney's Magical Express, yaliyoanza mwaka 2005. Hao hawakuwa na gari la kulaza, lakini bei ya chumba chao ilikuwa imebeba lami ya wenye magari. Kwa mantiki ya Shoup, 2018 ilikuwa haki ikitendeka, kwa sharti moja: ukimtoa mwenye gari kwenye bei ya chumba, chumba kishuke kidogo kwa wasio na gari. Hakuna aliyeona vyumba vikishuka.

Waliobanwa zaidi walikuwa wale wanaokuja kwa barabara, na mara nyingi ndio wenye kubana matumizi. Familia ya Waswahili ya watu sita inayoishi Atlanta haitanunua tiketi sita za ndege; inapakia maboksi ya juisi na chapati, inaondoka alfajiri, na kilomita kama 700 baadaye iko Orlando. Gari kwao ndiyo ile nauli waliyookoa. Kisha wanafika mapokezi na kukuta gari limewekewa kitanda cha kulipia.

Kilichofuata kilizidi kuwapa hoja waliolalamika. Oktoba 2021, mahali pa mfumo wa bure wa kukata foleni ndefu pakaja wa kulipia. Mwanzoni mwa 2022 mabasi ya bure kutoka uwanja wa ndege nayo yakakoma. Anayeitazama nyumba ikibomolewa hukumbuka tofali la kwanza kung'olewa, na tofali hilo lilikuwa maegesho.

Novemba 2022 Bob Iger, mkuu wa zamani wa Disney, alirudishwa kuiongoza kampuni. Januari 2023, hata miezi miwili haijaisha, ilitangazwa kwamba wageni wa hoteli za Disney kule Florida wataegesha bure tena. Miezi miwili baadaye Iger alikiri mbele ya wawekezaji kwamba katika kutafuta faida huenda walikuwa wamezidisha kwenye baadhi ya bei. Angalia kilichorudishwa mapema: tiketi hazikushushwa, vyumba havikushushwa, mabasi hayakurudi. Iliondolewa ada ndogo, ile iliyoleta kelele nyingi kwa kila dola iliyoingiza. Anayejua biashara ataona hapo mtu aliyepiga hesabu vizuri, kama mama ntilie anayerudisha mchuzi wa bure huku sahani ikibaki 2,500.

California haikuguswa na msamaha huo. Hoteli za kule bado zinatoza, na Universal pia. Mei 2025 ilianza kutumika kanuni ya FTC, tume ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia haki katika biashara, inayozitaka hoteli zionyeshe tangu mwanzo bei nzima pamoja na ada zote za lazima. Lakini maegesho huhesabiwa kuwa ya hiari, maana unaweza kuja bila gari, hivyo yanaweza kuendelea kukaa pembeni ya bei. Kwa hiyo unayeagiza chumba Anaheim au Las Vegas, uliza kabisa kabla ya kulipa: gari langu nalo linalala kwa bei gani? Na hata Florida, bure ni kwa anayeegesha mwenyewe. Ukimpa mhudumu ufunguo akuegeshee, utaikuta kwenye bili.